Orodha ya Waliolala Mchana

Dafroza alikuwa ndani ya choo cha mtaro, kinyesi kimemfika kiunoni, na hakutaka kutoka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya mgao wa mahindi, Februari ya mwaka tisini na tano. Dereva wa lori alikuwa amefungua bodi la nyuma bila kulishika, likaanguka kwa kishindo kilichosikika kambi nzima ya wakimbizi pale Ngara. Foleni yote ya wanawake ililala kifudifudi papo hapo, na ndoo zao, na watoto wao mgongoni. Kisha wakainuka mmoja mmoja, wakakung'uta vumbi bila kutazamana. Dafroza hakuinuka. Alitambaa kwa mikono na magoti hadi nyuma ya ghala, akapenya katikati ya magogo ya choo, akatumbukia.

Watu wakajaa ukingoni. Walinzi wawili wa kambi walikuwa wamevuta fulana zao hadi puani. Mmoja alimchokoa mwanamke yule kwa mti mrefu akimwambia apande, mwenzake alikuwa akicheka. Muuguzi wa shirika la misaada alisimama hatua kumi nyuma akauliza kama kuna mwenye glavu ndefu. Hakuna aliyekuwa nazo. Kila alipochokolewa Dafroza alizidi kuinama, mpaka kidevu chake kikagusa ule uchafu.

Privatus alikuwa mlinzi wa ghala. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kutoka Kibimba, miaka arobaini na mitano, mtu wa maneno machache. Kazi ya ulinzi aliipata kwa sababu moja tu: mwaka sabini na nane alichukuliwa na wenzake wa mgambo kwenda vita vya Uganda, na karatasi ya kuachishwa jeshi alikuwa bado nayo. Alimpokonya yule mlinzi mti, akautupa mbali. Akavua shati, akalala kifudifudi juu ya magogo, akaingiza kichwa katikati. Harufu ilimpanda puani ikamtoa machozi. Nzi wakamjaa mdomoni. Akawatema.

"Mimi naitwa Privatus," alisema kwa Kihangaza, ambacho Mnyarwanda anakielewa bila mkalimani. "Nimelala hapa juu. Kilicholia ni bodi la lori. Sitakuvuta. Sasa nitashusha mkono wangu wa kushoto, utaning'inia tu, sitakugusa."

Akaushusha mkono. Ukaning'inia. Watu ukingoni walingoja, wakachoka, wakarudi kwenye foleni yao, maana mahindi hayangoji mtu. Muuguzi naye aliondoka. Jua likasogea mpaka utosini. Kila baada ya muda Privatus alisema anachokifanya: sasa nameza mate, sasa nasogeza kiwiko, sasa naondoa nzi. Ilikuwa yapata saa sita Dafroza alipomshika kifundo cha mkono.

Jioni yake muuguzi alimuuliza alijuaje kufanya vile.

"Nilikuwa jeshini."

"Jeshini wanafundisha hayo?"

"Hawafundishi," Privatus alisema. "Tulifundishana."

Aliyemfundisha alikuwa Sajini Bulugu, Msukuma mnene mwenye sauti ya chini, kwenye handaki lililojaa maji ya mvua ng'ambo ya mpaka, baada ya siku tatu za mizinga. Seksheni yao ilikuwa imepoteza watu sita. Waliobaki hawakulala. Mmoja alikuwa anakula udongo. Privatus mwenyewe alikuwa amejinyea na hakuwa na habari. Bulugu hakumuuliza mtu ameona nini, kwani wote walikuwa wameona kilekile. Aliwagawa wawili wawili mchana kweupe, akaamuru mmoja alale na mwenzake amlinde. Anayelinda ampe mgongo anayelala, kwa sababu mtu akitazamwa halali. Asimguse. Akitaka kumwamsha, amwite kwa jina lake akiwa upande wa miguu. Na lolote atakalotaka kufanya, hata kukohoa, alitamke kwanza. Bulugu alisema mtu aliyeshtuka haogopi risasi, anaogopa asichoambiwa. Mchana ule Privatus alilala saa tisa mfululizo.

Aliporudi Kibimba hakukuwa na mtu wa kumpa mgongo. Alipewa blanketi, karatasi na hotuba. Miaka miwili alilala chini ya kitanda, na mkewe Auleria alijifunza mwenyewe kumwamsha kwa kugonga mguu wa kitanda na ule mti mrefu wa kuangulia maparachichi, yeye akiwa amesimama mlangoni, tayari kukimbia. Majirani waliwacheka. Auleria aliwaacha wacheke, akaendelea kugonga.

Kwa hiyo baada ya siku ile ya choo, Privatus aliomba kipande cha turubai la bluu kilichochanika, akakata miti, akajenga banda nyuma ya ghala. Chini alitandika nyasi. Mchana, mizigo ikishafungiwa, alikaa mlangoni juu ya kigoda akiwa ametazama nje. Dafroza alikuja kwanza, akakaa siku nne bila kulala, ya tano akalala. Akaja Bigirimana, mwalimu mzee aliyelala akiwa ameketi, viatu miguuni. Wakaja wengine. Usiku walikesha kwenye vibanda vyao wakisikiliza kila unyayo. Mchana walikuja kwa Privatus kulala. Walipoamka aliwapa maharage wayapukuchue, mikono ipate kazi. Aliyetaka kusema alisema. Wengi hawakutaka, na hakuna aliyewalazimisha. Walimwita Afande. Mwaka ulipofika katikati walikuwa ishirini na watatu.

Shirika lilikuwa na mratibu wa ushauri nasaha. Jina lake Anuari, mtoto wa wafanyabiashara wa Biharamulo, watu wenye asili ya pwani ambao babu zao walifungua duka pale tangu enzi za Mjerumani. Alikuwa na stashahada, miwani, na adabu isiyo na kasoro. Hakuwahi kupita mbele ya Privatus bila kumwamkia, na Privatus alifika mahali akaichukia ile shikamoo.

"Shikamoo, mzee Privatus."

"Marahaba."

"Hivi, mzee, unapokaa pale mlangoni, unakaa umbali gani na mgonjwa? Mita moja? Mbili?"

"Nakaa mlangoni."

"Basi niandike mita mbili."

Akaandika. Aliandika kila kitu: kigoda, nyasi, maharage, maneno ya Bulugu. Privatus alimweleza yote, kwa sababu alidhani kijana anataka kujifunza ili aache kile alichokuwa akikifanya ofisini kwake. Ofisini kulikuwa na dodoso la maswali thelathini na manne. La kumi na moja liliuliza: Umeshuhudia kifo cha mtu wa karibu? Weka alama. Mara ngapi? Andika tarakimu. Wanawake waliingizwa mmoja mmoja, wakaketishwa mgongo ukielekea mlango, wakaulizwa yote thelathini na manne, wakashukuriwa. Walipotoka walizunguka nyuma ya jengo wakatapika. Ukuta ule ulikuwa na utepe wa manjano kuanzia kwenye dirisha hadi chini, na nzi wake wa kudumu. Asubuhi mfagizi aliumwagia jivu. Ndani, madodoso yaliyojazwa yalipangwa kwenye makabati kwa unadhifu wa kupendeza.

Agosti wakaja wageni. Walishuka kwenye magari meupe matatu, wakavaa kofia, wakapangwa mstari mmoja mbele ya banda. Ndani walikuwa wamelala watu saba. Wageni walichungulia kwa zamu, wakinong'ona kama walio kwenye maonyesho ya ng'ombe Saba Saba. Mama mmoja alilia kwa adabu kwenye leso. Kisha mgeni mkubwa akamwambia Anuari jambo, na Anuari akamsogelea Privatus.

"Mzee wangu, wangependa kumsikia mmoja. Yule Dafroza ana historia nzito. Mwamshe."

"Ndiyo kwanza kalala."

"Dakika kumi tu."

"Akiamka mwenyewe, muulizeni. Akitaka atasema."

Anuari akashusha sauti, akaweka mkono begani kwa Privatus kama mtoto anayembembeleza baba. "Mzee, wafadhili hawawezi kufadhili usingizi. Wanafadhili ushuhuda. Banda hili likikosa mfadhili litavunjwa, na hawa watalala wapi?"

Privatus hakutoka mlangoni. Anuari akamruka, kwa kweli aliinua mguu na kumruka, huku akisema samahani mzee, akaingia, akamshika Dafroza bega akamtikisa.

Dafroza aliamka akiwa tayari amesimama. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuona mtu. Mkojo ulimtiririka miguuni, ukalowesha nyasi na viatu vya Anuari, na ndipo mpiga picha wa wageni akawasha taa ya kamera. Wengine sita wakaamka kwa mara moja. Bigirimana alipasua turubai kwa kichwa akatokea upande wa pili, akakimbilia mashamba ya watu. Ilichukua siku mbili kumpata.

"Kama mnavyoona," Anuari aliwaambia wageni, akijifuta viatu kwa nyasi, "hali ni mbaya."

Privatus alihisi kichefuchefu, kile cha kweli, cha kutaka kutapika. Kule chooni hakuwa amekihisi hivi. Kule alijua uchafu umetoka wapi. Hapa mtu alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Wiki mbili Dafroza hakuonekana. Aliporudi hakuingia ndani. Alikaa chini karibu na kigoda, akavuta ungo wa maharage, akaanza kupukuchua.

"Afande," alisema baadaye, bila kuinua uso. "Mwezi wa nne mwaka jana nilivuka daraja la Rusumo. Nilitazama chini."

Privatus aliendelea kutazama nje. Hakuna mtu Ngara nzima aliyehitaji kuambiwa Mto Kagera ulikuwa umebeba nini mwezi ule. Watu walikuwa wameacha hata kula samaki.

"Nilimwona dada yangu. Nilimjua kwa kitenge." Alichagua harage bovu, akalitupa. "Sikuombi chakula, sikuombi nini. Lile daraja tu. Wasije wakanipitisha pale tena. Wakitaka kuniua waniulie huku."

"Hataingia mtu humu tena bila mimi kukuambia kwanza."

"Na daraja?"

Mlinzi wa ghala hakuruhusiwa hata kushika ufunguo wa ofisi.

"Na daraja," alisema.

Dafroza akaingia ndani akalala.

Novemba kikatoka kijitabu. Kilikuwa na jalada gumu, na picha ya Anuari amekaa juu ya kigoda cha Privatus, mlangoni pa banda la Privatus, akitazama kwa mbali kwa huruma. Mle ndani maneno ya Bulugu yalikuwa yamevalishwa suti. Kumpa mtu mgongo kuliitwa kuondoa mkabala wa macho. Kupukuchua maharage kuliitwa tiba ya shughuli. Ukurasa wa shukrani ulikuwa na majina kumi na tisa, na mwisho wake: pamoja na walinzi wetu wote. Privatus alikisoma chote, akampelekea Auleria akisome.

"Aliyelala chini ya kitanda ni nani?" Auleria aliuliza. "Huyu mwenye miwani?"

Ilikuja pia barua kwamba huduma ya ushauri nasaha itatolewa na wenye kidato cha nne na cheti kinachotambulika tu. Privatus alikuwa ameishia darasa la saba. Kwenye makaratasi alibaki mlinzi, na washauri wawili wenye vyeti wakaandikwa kuwa ndio wenye banda. Walikuja Jumatatu kuhesabu waliolala. Angeweza kuondoka, na Auleria alimwambia aondoke. Lakini angeondoka, nani angekaa pale mlangoni? Kwa hiyo alibaki, akaifanya kazi yake mwenyewe kama mwizi.

Desemba ya mwaka uliofuata, vipaza sauti vilipita kambini juu ya magari. Wanyarwanda wote warudi kwao. Mwisho wa mwezi asionekane mtu. Watu walianza kufungasha. Wengine hawakufungasha, walikimbia tu kuelekea misitu ya Biharamulo, familia kwa familia, masufuria kichwani. Wale ishirini na watatu walikuja bandani asubuhi, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

"Afande," Bigirimana aliuliza, "na sisi twende msituni?"

"Ngojeni kwanza. Nitauliza."

Hakuhitaji kuuliza. Saa hiyohiyo Anuari alifika na karatasi nyeupe kwenye ubao.

"Shikamoo mzee. Nina haraka. Nahitaji orodha ya watu wako, wale wenye matatizo. Majina kamili, idadi ya watoto, kibanda namba ngapi."

"Ya nini?"

"Ni maelekezo. Wasiojiweza watashughulikiwa kipekee. Hawatachanganywa na umati."

"Watabaki?"

Anuari alivua miwani akaifuta. "Mzee, si umenisikia? Nimesema kipekee. Hii ni nafasi yao. Asiyekuwa kwenye orodha hana atakayemtetea."

Sasa, mtu mwingine yeyote mle kambini angeukwepa mtego ule. Mkimbizi yeyote alikuwa ameshajifunza kwamba jina lako likiandikwa na serikali au na wazungu, kimbia. Lakini Privatus alikuwa ameijua orodha mahali pengine. Vitani, orodha ya majeruhi ndiyo iliyookoa watu. Bulugu aliandika jina lako kwa penseli, lori likaja, likakuchukua, likakurudisha nyuma, mbali na mizinga, hospitalini kwenye shuka. Asiyeandikwa alibaki mbele. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona orodha ya wagonjwa inayotumika kuwapeleka mbele. Alichukua kalamu akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba, taratibu, akihakikisha kila kibanda, kila mtoto. Namba moja alimwandika Dafroza.

Kisha akarudi bandani akawaambia wasiende msituni. Aliwaambia wako kwenye orodha. Bigirimana alimtazama, akautua mzigo wake chini, akaufungua. Walimwamini. Mtu anayekulinda ukilala utamkatalia nini?

Kesho kutwa yake, saa moja asubuhi, malori mawili yalisimama mbele ya ghala. Askari walishuka. Luteni mmoja, mwenye uso mzuri na viatu vipya, alikuwa na ile karatasi mkononi. Privatus aliutambua mwandiko wake akiwa mbali.

"Orodha safi sana hii," luteni alisema. "Nani kaiandika?"

"Mimi, afande." Na kabla hajajua anachofanya, visigino vyake vilikuwa vimegongana, mikono imenyooka mapajani. Mwili uleule uliojinyea handakini ulikuwa umesimama mguu sawa. Alijichukia.

"Umeturahisishia, mzee. Hawa wenye wazimu ndio wanaoharibu. Mmoja akianza kupiga kelele darajani, umati wote unarudi nyuma, watu wanakanyagana. Bora tuwapitishe wao kwanza, barabara ikiwa bado nyeupe."

"Niliambiwa watashughulikiwa kipekee."

"Si ndiyo hivyo? Wengine wanatembea. Hawa tumewaletea gari."

Privatus alimtafuta Anuari kwa macho. Alimwona kwenye veranda ya ofisi, amewapa mgongo, anafunga makabati ya madodoso kwa kamba.

"Panda nao," luteni aliendelea. "Nasikia wanakusikiliza. Ukikataa nitatumia vijana wangu, na vijana wangu hawajui kubembeleza."

Alipanda. Alijiambia ni afadhali yeye, na huenda ndivyo wanavyojiambia wote wanaopanda. Alikaa karibu na bodi la nyuma, na Dafroza akiwa mbele yake, na njia nzima hakumwambia wanakokwenda. Malori hayakuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya ofisi za forodha. Chini pale maporomoko yalikuwa yakinguruma, na ukungu wa maji ulipanda ukawalowesha nyuso.

Dafroza aliutambua ule mngurumo. Hakupiga kelele. Alimgeukia Privatus, akamshika kifundo cha mkono.

"Uniambie," alisema.

Naye akamwambia. Alitumia kila kitu alichopewa na Bulugu, chote, bila kubakiza. "Sasa nafungua bodi, nitalishusha polepole. Sasa tunashuka, kuna ngazi mbili. Sasa ni lami. Kulia kwako kuna askari, amesimama tu, hakutazami. Tazama kisogo changu. Sasa lami inaisha. Sasa ni daraja. Sikiliza sauti yangu, maji yaache. Hatua kumi. Hatua nyingine kumi." Nyuma yao wale ishirini na wawili na watoto wao walifuata wameshikana mashati, kimya, kwa utulivu uliowashangaza hata watu wa forodha. Luteni alitembea pembeni akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Wote wangekuwa hivi," alisema, "tungemaliza leo."

Katikati ya daraja askari aliweka mkono kifuani kwa Privatus. Mtanzania haruhusiwi kuvuka hapa, alisema. Privatus akaanza kueleza kwamba anahitaji hatua thelathini tu, na alipokuwa akieleza, mtu wa upande wa pili alimshika Dafroza kiwiko akamvuta kama anavyovutwa mbuzi. Mkono wake ukachomoka kwenye kifundo cha Privatus. Akaenda amefumba macho, ameinua uso.

"Sasa ni nini?" aliita. "Afande, sasa ni nini?"

Wengine wakapita mbele ya Privatus mmoja mmoja, kila mmoja akimtazama. Kelele zilianza walipofika ng'ambo, lakini maporomoko yalikuwa na nguvu zaidi, na luteni alikuwa tayari ameshageuza malori. Kilichompata Dafroza baada ya pale hakuna aliyekijua, na hakuna dodoso lililouliza.

Machi ya mwaka tisini na saba, Warundi walikuwa bado wanaingia kila wiki, kwa hiyo shirika halikuondoka. Liliitisha semina ya siku tatu Biharamulo, kwenye ukumbi mmoja usio mbali na boma la zamani. Washiriki walikuwa arobaini: wauguzi, walimu, maofisa ustawi wa jamii. Anuari alituma gari hadi Kibimba kumchukua Privatus.

Auleria alisimama mlangoni. "Unaenda kufanya nini kwa wale watu?"

"Wanatoa cheti. Bila cheti siwasogelei Warundi."

"Hujalala tangu Desemba, mume wangu."

"Najua."

Auleria alimtazama akipanda gari, akatema mate chini, akaingia ndani.

Ukumbini kulikuwa na soda, na harufu ya pilau iliyoingia kupitia madirishani. Kijitabu kilikuwa kimechapishwa upya, kinene zaidi. Anuari alifundisha asubuhi nzima, na alifundisha vizuri. Mshiriki mmoja aliuliza kama kigoda lazima kiwe cha miguu mitatu. Mwingine aliuliza kama maharage yanaweza kubadilishwa na karanga. Walijadiliana robo saa.

"Sasa tufanye kwa vitendo," Anuari alisema. Akamfuata Privatus kwenye kiti cha nyuma, akainama kwa heshima. "Mzee wangu, utanisaidia kidogo. Lala tu pale kwenye godoro."

"Mimi ndiye nalala?"

"Washiriki ndio wanaojifunza kulinda, mzee. Vyeti tunatoa saa kumi."

Godoro lilikuwa katikati ya ukumbi, na viti arobaini vimelizunguka. Privatus alivua viatu akavipanga. Akalala chali. Macho themanini yalimtazama, na mtu mmoja alicheka soksi zake. Aliambiwa afumbe macho, akafumba. Alisikia Anuari akieleza kwamba kila mshiriki atafanya zoezi mara moja: kukaa mita mbili, kuondoa mkabala wa macho, kisha kumwamsha mgonjwa kwa kumwita kutoka miguuni. Kijitabuni hakukuwa na jina, kwa sababu ya kutunza siri, kwa hiyo wangetumia lile la kwenye mfano.

Muuguzi wa kwanza alisogea miguuni, akakohoa, akasoma.

"Mgonjwa A, amka."

Privatus akaamka. Wakapiga makofi. Anuari akasahihisha sauti, ilikuwa juu mno, akamwomba mzee alale tena. Privatus akalala. Muuguzi wa pili akasogea na kijitabu chake.

"Mgonjwa A, amka."

Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni hadi mlangoni, soda mikononi, wakijaribu sauti zao polepole.